Vumbi la Kati ya Nyota

Kabla ya kupanda mlimani, Mama Baridi alikuwa fundi wa majokofu ya mabucha. Wauza nyama ndio waliompa jina hilo, likamganda. Kituo cha darubini kilimwajiri atunze mtambo wa kupoza, maana vipimo vya darubini ile havifanyi kazi mpaka vikaribie mwisho kabisa wa baridi.

Alipoanza kazi alimuuliza mkuu wa kituo, mwanamama mwenye miwani mizito, "Dada, mnapima nini? Mbona mlikoielekeza hakuna nyota?"

"Joto la anga lenyewe. Ulimwengu ulipokuwa mchanga uliwaka kama tanuri. Mwanga wa wakati ule bado unatufikia kila upande, ila umepoa, umebaki digrii kama tatu tu juu ya mwisho wa baridi."

Mama Baridi akashika kiuno. "Kumbe mbingu hazijapoa bado? Makubwa!"

Walikuwa wakitafuta alama moja: namna mtetemo wa mwanga huo unavyoegemea upande. Ukionekana umejikunja kama maji yanayozunguka, huenda umebeba habari za ulimwengu ulipozaliwa. Wakaiona. Wakatangaza. Mume wa Mama Baridi, seremala, alitembeza habari mtaa mzima, kila mteja wa kiti akaondoka na ulimwengu kichwani.

Asubuhi moja Mama Baridi alimkuta mkuu ameketi sakafuni na koti lake, macho makavu.

"Dada! Umeanguka?"

"Ni vumbi."

Mama Baridi akageukia mtambo. "Vumbi? Ule mfuniko wake niliufunga kwa mikono yangu!"

"Si la humu. La kati ya nyota. Nalo linatoa mwanga unaoegemea vilevile. Wenzetu wa darubini nyingine wamelipima kwa mawimbi mengine ya mwanga. Karibu yote tuliyotangaza ni vumbi."

Miaka yote ile, baridi yote ile, kumbe vumbi! Mama Baridi akaketi naye chini.

"Sasa tutawaambiaje watu?"

"Kama tulivyowaambia mwanzo. Mbele ya kamera."

Na kweli akasema, bila kumtupia mtu lawama. Mama Baridi alisimama nyuma yake, moyo ukimwenda mbio kuliko siku ile walipotangaza alama.

Nyumbani mumewe aliduwaa, randa mkononi. "Mke wangu, mimi si nimeshamwambia kila mtu?"

"Basi zunguka tena."

Alizunguka, akachekwa, akarudi amenuna.

Kituo kikajenga darubini ya pili, yenye kipimo cha vumbi peke yake, na Mama Baridi akaunda mtambo wake wa kupoza. Walipolitoa vumbi kwenye hesabu, ile alama haikubaki. Wanaitafuta hadi leo. Juzi jirani alimuuliza kama hajachoka kupoza kitu kisichoonekana.

"Nimechoka," alijibu, akivaa glavu. "Lakini niache nusu njia, halafu waione wengine? Thubutu!"