Mbuzi Aliyenikataa Akampenda Kapinga

Harufu ya maganda ya muhogo yaliyolowa ikinipata popote, hata mbele ya ofisi za Manika, Kolwezi, nikiwa na viatu vya kung'aa, mara moja narudi katika lupango letu, ua wa utoto wangu, na wivu ule unanipanda shingoni kama wa jana. Nacheka, lakini unapanda.

Tulikuwa na mbuzi jike mweusi, mwenye maringo kama mke wa mkurugenzi. Papa alikuwa ameniahidi: "Mutoto wake wa kwanza atakuwa wako." Nilimngoja huyo mtoto miezi mitano ambayo kwangu ilikuwa miaka kumi na miwili. Kazi ya kumlisha mbuzi ilikuwa yangu, na nilimlisha kama tulivyozoea sisi wote: fimbo kwanza, maganda baadaye. Nikimtaka, nilimkimbiza lupango zima, nikamkamata sikio, akalia hadi malori ya mgodi yakasimama barabarani. Basi, mawili hivi yalisimama.

Kisha akaja Kapinga, mtoto wa dada yake Papa, kutoka Kasai. Mama yake alikuwa amefariki. Alinipita miaka miwili, ikabidi nimwite yaya, yaani dada mkubwa. Alifika na kikwembe, kitenge cha kijani cha marehemu mama yake, na mdomo usiosema kitu, kwa kuwa Kiswahili chetu hakukijua bado. Wiki ya pili nikamkuta mbuzi wangu, wangu mimi, amemlazia kichwa magotini. Kapinga alikuwa akimnong'oneza kwa Kiluba, akimkuna kifua polepole, na yule mwenye maringo amefumba macho kama shangazi kanisani wakati wa mahubiri.

Siku ile nikasukuma kando bukari, ugali wetu. Nikamwambia Mama, "Kapinga iko na dawa ya Kasai. Ameloga mbuzi!"

Mama akacheka hadi mwiko ukamponyoka. "Weye! Na sisi pia tuko batu ya Kasai. Mbona mbuzi inakukimbia?"

Mbuzi alizaa, na hapo ndipo mambo yakaharibika. Ulikuwa uzazi wake wa kwanza, chuchu zimevimba, na kila mara kabuzi kake kalipomkaribia alikapiga teke. Papa akakatazama akiwa njiani kwenda kazini. "Kasiponyonya leo, katakufa. Ngoja Kapinga arudi toka soko."

Ngoja Kapinga! Kabuzi kangu kaokolewe na Kapinga?

Nikaenda kwenye kamba ya nguo, nikachukua kikwembe chake, nikajifunga hadi kichwani. Nilikuwa na hakika dawa imo humo. Na kweli mbuzi alinusa, akaja mwenyewe, akanigusa mkono kwa pua yake. Mi huyo, malkia wa Katanga! Kwa furaha nikafanya nililolizoea: nikamnyaka sikio. Lo! Alinirusha juu kupita mabati yote ya Kolwezi, nikayaona mashimo ya mgodi wa Mashamba kama vikombe, nikatua ndani ya beseni la muhogo la Mama. Kikwembe kikapasuka katikati.

Kapinga aliponikuta hivyo, alikitazama kile kitambaa kwa muda mrefu. Kisha akakatazama kabuzi, kamelala, hakana nguvu hata ya kulia. Nikafumba macho nikingoja kofi.

"Kuya," akaniita kwa Kiswahili chake cha kuokota. "Leta mukono."

Tukachuchumaa mbali. Hakumtazama mbuzi. Akawa anaimba kwa pua tu, tukangoja hadi nikaota mvi. Mbuzi akaja. Kapinga akaweka kiganja changu kwenye ubavu wa mbuzi, na cha kwake juu ya changu. Moyo wa mbuzi ulikuwa unadunda kama mashine ya kusaga mahindi.

"Mbuzi iko naogopa," akaniambia. "Haiko mubaya."

Mdundo ukapungua, ukapungua tena. Kabuzi kakasogea, kakanyonya, kamkia kakitetemeka.

Jioni Papa akauliza ni nani amekaokoa. Kapinga akaninyooshea mimi kidole. Niamini, wivu wangu ukazidi mara mia: hata wema ulikuwa wake!

Siku hizi nafuga mbuzi wangu, nawaendea kama alivyonifunza, nao wanakuja. Ila kilichonichukua miaka kukielewa si mbuzi. Katika lupango letu la watu tisa, mbuzi yule peke yake ndiye aliyekuwa akimsikiliza Kapinga, na mimi nilitaka kumnyang'anya hata huyo. Naye akanishika mkono, akanionyesha njia ya kumchukua.