Utando wa Mbuzi

Juzi, katika soko la Murara, nilimwona muuza nyama akivuta utando mweupe kwenye paja la mbuzi, na bega langu likakaza. Nimesomea tiba ya viungo, najua utando kama huo huvutika pamoja na misuli. Bega langu halijui kwamba nimesoma.

Nilipokuwa mtoto, alasiri moja papa, baba yangu, alikuwa akichuna mbuzi uani. Mkono wangu uliovunjika ulikuwa umetolewa plasta, lakini haukutaka kupanda. Utando ukachanika kwa sauti ya karatasi, nikauliza ni nini.

"Ndiyo inashikilia nyama," papa akasema.

Basi nikaamini kwamba nikiinua mkono, utando wangu nao utachanika, na mkono utabaki ukining'inia siku zote. Niliubana kifuani, nikakataa hata kula.

Tantine Masika, dada yake mama, aliacha maharagwe yake kwenye mbabula, jiko lake la makaa, akanishika kiwiko.

"Wewe mutoto unawaza sana. Haya, funga macho, uwaze kitenge yenye kulowa. Navuta pembe moja, yote inakuja. Haipasuki."

Nilikiona kitenge, kizito, kikinuka sabuni, kikivutika kutoka kiunoni hadi kwenye vidole. Mkono ukapanda taratibu.

"Tantine, usiniachilie."

"Nilishakuachilia," sauti yake ikatoka mbali, kule penye maharagwe. "Fungua macho."

Nilifungua. Vidole vyangu vilikuwa vimeshika kamba ya kuanikia nguo, juu ya kichwa changu.