Mgomba Uliozikwa Badala Yangu

Asubuhi ile niliondoka kwa mdogo wangu, kijijini Musienene, bila kusema ninakokwenda, maana hata mimi sikujua. Nilipita nyuma ya jiko, kando ya kaburi langu, nikateremka hadi barabarani.

Kaburi lilikuwa langu kweli. Nilipokuwa vitani msituni, habari zangu zilikatika, na mtu mmoja akawaambia nyumbani kwamba kikosi chetu kilikwisha chote. Maiti haikuwapo. Wazee wakakata shina la mgomba, wakalivika shati langu, wakalizika. Watu walilia, wakala, wakatawanyika. Shamba langu la viazi akapewa mdogo wangu. Kisha nikatokea mimi, nachechemea.

"Yaya, mukubwa yangu, hapana kasirika," mdogo wangu aliniambia. "Tulikulilia muzuri. Bote balikuya ku kilio."

"Na shamba?"

"Nilishapanda. Batoto bangu batakula nini?"

Niliomba kitu kimoja tu: mgomba ufukuliwe, nihesabiwe tena kati ya watu walio hai. Baba mdogo alikataa. Alisema kaburi lililofungwa likifunguliwa litataka mtu mwingine, na yeye hakuwa na wa kutoa. Basi nikabaki hivyo. Chakula nililetewa nje. Majirani walinisalimu kwa mbali, mikono wameifunga kifuani. Mama alinitazama kama mtu anayetazama picha. Jeshi nalo lilikuwa limenirudisha na mguu mbovu na asante ya mdomo.

Nilipokuwa mdogo niliacha shule kwa sababu nilitaka kujua malori ya viazi yanaishia wapi. Jeshini niliingia kwa ugonjwa huohuo, kutaka kuona nyuma ya kona. Nyuma ya kona niliona mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza, na sasa nani angemuuliza mfu?

Pale barabarani lori la maharagwe lilisimama. Dereva, Mwislamu wa Beni mwenye kofia nyeupe, alinitazama viatu vya jeshi, akajua mimi ni soda, yaani askari.

"Panda, soda! Lakini hapana lala juu ya maharagi yangu."

Tulivuka Butembo katika vumbi. Nilimuuliza breki zinatengenezwaje, maharagwe ya Vuhovi yanatofautianaje na ya kwetu, kwa nini anapiga honi kila darajani.

"Weye unauliza maulizo kupita batu ba douane ku mupaka!" alisema. Hata hivyo alijibu yote, na tulipofika Beni akanishusha mtaa wa Bungulu, kwa shangazi yake anayepangisha vyumba.

Mama huyo alikuwa akipima mafuta ya mawese mlangoni. Alinitazama nikichechemea.

"Weye ni soda?"

"Nilikuwa, mama."

"Soda wa mwisho alitoka na matelas yangu."

"Na mguu huu, mama, nitabeba godoro niende nalo wapi?"

Hakucheka. Alifuta mikono kwenye kitenge.

"Donc niambie. Ukikufia humu ndani, nitaita nani? Famille yako iko wapi?"

"Hapana ita mutu. Balishanizika."

Hapo ndipo alipocheka, hadi mtandio ukamteleza kichwani. "Basoda na michezo yenu!" Akachukua ufunguo, akanishika mkono kunivusha kizingiti, mkono wa kwanza kunigusa tangu nirudi. Sikumweleza kwamba nilisema kweli. Chumbani mlikuwa na kitanda cha mbao kitupu, bila godoro. Nilijinyoosha juu yake na viatu vyangu, jua bado likiwaka, nikamsikia nje akimsimulia jirani mzaha wangu.