Masikio ya Mbwa wa Kokoo

Siku yangu ya kwanza kwenye ranchi moja nje ya Isinya, miaka ya tisini, mkuu wa walinzi alinipa bunduki ndogo ya pointi tuu-tuu. Risasi yake hugongwa na pini ukingoni mwa kitako, si katikati kama zile kubwa. Haina teke wala haifiki mbali. Kazi ilikuwa kufukuza nyani na, kichaa cha mbwa kikiingia, kupiga mbwa wagonjwa.

Darubini yake ilikuwa fupi, imechubuka, inavuta mara nne tu. Nikanung'unika kwamba hii ni ya watoto.

"Wewe unapiga hatua hamsini," mkuu akasema. "Taka darubini inayoonyesha mahali papana, na msalaba wake wa kulengea usihame ukisogeza jicho. Ile ya bunduki kubwa imepimwa kwa mbali. Kwa karibu itakudanganya."

Alipostaafu nikajiona bingwa. Nikamwomba meneja darubini ndefu ya bunduki kubwa, inayovuta mara kumi na mbili, niifunge kwenye ile ndogo. "Wewe ndiye unajua," akasema. Kichwa kigumu kilikuwa changu, simsingizii mtu.

Kisha kichaa kikaingia bomani kwa jirani yetu Kokoo, yaani nyanya kwa Kimaasai. Macho yake yalikuwa yamekwisha, na mbuzi wake walichungwa na mbwa. Alikuwa na wawili wa tumbo moja, wekundu wote.

"Mgonjwa amekatika sikio," aliniambia akinishika mkono. "Angalia vizuri, mwanangu. Niko na huyo mwingine tu."

Walitokea pamoja, hatua thelathini. Ndani ya darubini niliona manyoya mekundu tu, yenye ukungu, yamejaa kioo kizima. Kichwa sikukiona. Ningeshusha bunduki nitazame kwa macho yangu, lakini watu walikuwa wananiangalia, nikaona haya. Nikapiga.

Mmoja akaanguka. Mwingine akakimbia, vijana wakamuua kwa rungu. Kokoo akaja polepole, akainama, akapapasa kichwa cha yule niliyempiga.

"Masikio yote iko," akasema.

Kesho yake nilirudisha ile darubini fupi, na sikuitoa tena hadi nilipostaafu nikaja kukaa Kitengela. Vijana wenye bunduki huniuliza darubini ipi ni nzuri. Nawaambia ivute kidogo, ionyeshe kote, ipimwe kwa karibu. Wanacheka, wanataka kubwa.

Mbuzi wa Kokoo waligawanywa, naye akahamia kwa binti yake huko Tuala. Nilienda kumwomba msamaha. Alinikaribisha chai, akauliza habari za watoto wangu. Afadhali angenitukana.