Nguzo Yetu ya Rezo

Mimi ni mwalimu wa fizike, na ni mwepesi wa hasira. Nasema hivyo mapema ili mtu asishangae huko mbele.

Kwetu, kwenye malisho ya juu ya Lushebere, rezo ya simu, yaani mtandao, inashikika mahali pamoja tu: juu ya nguzo moja ya ua wa ng'ombe. Si kando yake, si chini yake. Unaweka simu pale juu, unafungua sauti yote, unaongea kwa nguvu. Ukiishusha hadi sikioni, rezo imekwenda. Kwa hiyo hakuna mwenye siri. Nimesikia wachumba wakiachana pale. Nimesikia watu wa kambi ya wakimbizi wakiwapata ndugu waliopotezana nao njiani, na mkatekista akigombana na shemeji yake juu ya mbuzi. Adabu ya nguzo ni moja: wanaongoja zamu wanageuza uso kwa ng'ombe na kujifanya viziwi. Ukifika nyumbani simulia yote upendavyo, lakini pale hukusikia kitu.

Mwaka ule nilikuwa naomba kwa mara ya tatu nafasi ya formasio, mafunzo ya walimu: wiki tatu kusini mwa Afrika, mahali penye sahani kubwa za kusikiliza nyota. Tangazo lilipita kwenye grupe yetu ya walimu. Mara mbili walikuwa wamenikatalia. Niliapa kwamba wakikataa tena sitaomba maisha yangu yote, nitabaki na chaki yangu na kitabu kisicho na jalada.

Nilijaribu kumweleza Mama, anayeuza maziwa na hapendi maneno marefu.

"Nyota zinatoa mawimbi ya redio, Mama. Sawa na ya simu, ila ni dhaifu sana."

"Na zinasemaka nini?"

"Hazisemi kitu."

"Sasa utapanda avio juu ya kusikiliza bantu benye habasemi kitu? Bakia hapa, usikilize baba yako mwenye anasemaka."

Safari hii fomu iliuliza shule yetu ina nini ambacho nyingine hazina. Umeme hatuna. Maabara hatuna. Nilikaa na swali hilo siku mbili, halafu nikaandika: tuna kimya. Sahani hizo za kusikiliza nyota, adui yake ni kelele za mawimbi ya simu, na sisi, ukishuka nyuma ya kilima kuelekea misitu ya Walikale, unatembea siku nzima simu isishike hata mara moja. Wanafunzi wangu wanaweza kusimamisha antene ya waya na bidoni, dumu la maziwa, wakasikiliza mbingu bila mtu kuwasumbua. Umaskini wetu wa rezo, niliandika, njo utajiri wetu. Sentensi hiyo niliipenda mpaka nikaisoma darasani.

Wakajibu. Wangenipigia Jumanne saa nne asubuhi, kwa nusu saa.

Nusu saa! Zamu ya nguzo ni dakika tano. Nikaenda mlango kwa mlango kuomba watu waniachie zamu zao. Papa mwenye duka, mzee mfanyabiashara kutoka Butembo, alikubali kwa sharti moja: asimame wa kwanza nyuma yangu. Mama akasema atakuja na bidoni zake kunisindikiza tu, hatafungua mdomo. Jumanne ilipofika, mstari ulikuwa na watu ambao hawana hata mtu wa kumpigia.

Simu ikalia. Alikuwa mama mmoja mwenye Kiswahili safi cha kule mashariki, anayejibu kila kitu kwa "vizuri sana."

"Hujambo, mwalimu?"

"Sijambo, Madame."

"Hatujambo!" wakaitika wote nyuma yangu, nyuso kwa ng'ombe.

Mambo yalianza vizuri. Aliuliza nafundishaje mawimbi, nikamwambia kwa kamba ya kufungia ndama, akacheka, nikaona nimeshapanda ndege. Ndipo akasema:

"Umeandika kwamba kwenu hakuna mtandao kabisa. Ni kweli? Maana hilo ndilo lililotuvutia."

Nikavuta pumzi. "Ni kweli kabisa, Madame, isipokuwa juu ya nguzo hii."

Nyuma yangu bidoni ikaanguka. Mama aligeuka, akawapa ng'ombe mgongo. Sijawahi kumwona akifanya hivyo.

"Madame, usimusikilize! Uyu mutoto anatuharibia jina! Huku rezo iko, tena iko nguvu!"

Lazima mnielewe. Kwetu mgeni haambiwi kwamba kitu hakuna. Hata maziwa yakiisha, mgeni anaambiwa yako njiani. Mimi nilikuwa nimetangaza ukosefu wetu nchi za watu, na Mama hakuweza kuvumilia.

"Iko mingi!" akasema Papa mwenye duka. "Ata mu nyumba!"

Basi mstari mzima ukawaacha ng'ombe.

"Ata ku choo!" akapaza mmoja.

"Mama!" nikasema.

"Nyamaza. Ninakusaidia."

Nilitaka kulia, na nilitaka kumuuma mtu. Yule Madame alikuwa anacheka au anakohoa, sikujua. Mwishowe akauliza kama nina swali.

"Kuuliza si ujinga," akadakia Papa mwenye duka. "Madame, iyo sahani yenu, iyo parabole, inashikaka na mupira ya ku televizio?"

Hapo rezo ikakatika.

Tukangoja. Mama akaitazama nguzo, halafu akasema, "Batri yao njo imekufa."

Siku nne sikumsemesha, na tulikuwa tunakula sahani moja. Siku ya tano nikapanda kilimani kwa hasira tu, nikaweka simu juu ya nguzo, ujumbe ukaingia: "Mwalimu, tulijaribu kukupigia tena mara kumi na moja, hatukukupata. Tumeamini kwamba mtandao hamna. Karibu sana. Na mwambie yule mzee, haishiki mpira."

Nilipiga kelele mpaka ng'ombe wakakimbia. Siku ya kuondoka Mama alinifungia fromaje nzima, jibini la kwetu, kwenye kitenge, akaniambia neno moja: nimpigie kila siku, saa nne.

Nikamwahidi. Sikujua kwamba getini kule wanakusanya simu zote na kuzifungia kwenye sanduku. Simu moja ikiwaka, sahani hazisikii nyota. Tulikaa kwenye uwanda mkavu ambao kimya chake kinalindwa kwa sheria, kimya kilekile tulichonacho kwetu bure. Siku ya sita ndipo wakaniruhusu kutumia simu ya waya ya ofisi, ilipotimia saa nne. Ililia mara moja tu, ikapokelewa.

"Ni weye?"

"Ni mimi, Mama. Umejuaje nitapiga leo?"

Sauti ya Papa mwenye duka ikadakia kwa mbali, "Anakuyaka kila siku! Anaweka simu pale, anangoja nusu saa yako. Tunamwachia."

"Mama, nisamehe. Huku simu zimekatazwa. Hakuna rezo hata kidogo."

"Hakuna?"

"Hakuna."

Akashusha sauti, kana kwamba kwenye nguzo ile mtu anaweza kunong'ona. "Usiseme kwa nguvu. Nimewaambia bantu ya kwamba rezo ya huko iko nguvu, ila mutoto wangu iko na kazi mingi."

Nyuma yake kukawa kimya ghafla. Nilijua wote wamegeukia ng'ombe. Nililia pale ofisini, mkono mdomoni, asisikie. Halafu nikavuta pumzi na kusema kwa sauti yote, mstari mzima usikie:

"Ndiyo, Mama! Rezo ya huku iko nguvu kabisa! Ni kazi tu!"