Fundi wa apdeti na barua ya Kinampanda

Saa tatu kasoro asubuhi, Jumamosi, Amosi Mughwai amepiga magoti kwenye sebule ya watu huko Kinampanda, wilayani Iramba. Hasali. Anatafuta soketi nyuma ya kochi.

Anaipata, anachomeka, anabonyeza. Kompyuta ya mezani inanguruma kama mashine ya kusaga, kisha kwenye skrini linatokea duara la vitone linalozunguka, na maandishi chini yake: sasisho limeshindikana, subiri, usizime. Vitone vinazunguka weee. Kompyuta inajizima. Inajiwasha. Duara lile lile.

"Iko hivi tangu lini, mama?"

"Tangu Jumanne ya ile radi," anajibu Mama Severina, mwalimu mstaafu mwenye miaka 71, mwenye nyumba na mwenye kompyuta.

"Na radi ilipopiga ulifanyaje?"

"Nilifanya kama kila mtu. Nikafunika kioo cha ukutani, nikafunika sufuria zinazong'aa, na hii nikaifunika kwa khanga, nikachomoa waya."

"Ilikuwa imeandika usizime."

"Radi haisomi, baba."

Binti yake, Hana, muuguzi wa zahanati ya jirani, anacheka akiwa mlangoni na beseni la mboga mkononi. "Radi yenyewe ilikuwa huko Mkalama, fundi. Hapa tulisikia mngurumo tu."

"Hata mwizi husikika kwanza kwa jirani," anajibu mama bila kugeuka.

Amosi hashangai. Msimu wa mvua ndio msimu wake wa mavuno. Wingu likinguruma, nyumba nzima inazimwa, na kompyuta iliyokuwa katikati ya kusasisha programu zake inabaki njia panda, mguu mmoja jana, mguu mwingine leo. Wateja wake huita jambo hilo apdeti. Yeye wanamwita fundi wa apdeti.

Ana miaka 49, mzaliwa wa Ikungi. Alianza kwa kutengeneza mashine za kuchapa, zile za kugonga, akahamia redio, kisha kompyuta zilipoingia maofisini na baadaye majumbani, akazifuata. Anaishi Utemini, mjini Singida, na karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba anayopanga.

Kwa kazi ya mjini anatoza shilingi elfu kumi na tano. Kijijini, pamoja na nauli na bodaboda, elfu thelathini. Mwezi mzuri humwachia laki tatu na nusu hivi. Mwezi mbaya, anasema, humwachia kuku.

"Usicheke. Kuku wa Singida ni hela," anasema.

Begi lake lina bisibisi, brashi ya rangi ya kufutia vumbi, na flashi kama ishirini zilizofungwa kwa mpira. Sasisho moja kubwa linaweza kumaliza bando la mwezi mzima la mteja, kwa hiyo Amosi hulipakua mara moja tu mjini, kisha analibeba nyumba hadi nyumba. Mteja wa Iramba hapotezi bando lake hata kidogo.

Lakini wanaomfahamu wanajua kwamba kila anapokwenda anabeba kitu kingine. Anabeba swali.

"Kwenu hapa hakuna muuguzi wa serikali anayetaka kwenda Kigoma?"

Mkewe, Flora, ni muuguzi. Alifanya kazi hospitali ya binafsi mjini Singida kwa miaka mingi, akiomba ajira ya serikali. Siku ajira ilipokuja walichinja jogoo. Kesho yake barua ya kituo ikaja nayo, na ndani yake mmeandikwa zahanati ya kijiji kimoja huko Kasulu.

"Tulisema mwaka mmoja tu, atarudi," anasimulia Amosi. "Sasa ni wa nne."

Njia ya haraka ya kurudi ni kubadilishana: upate mtumishi wa kada yako anayetaka kituo chako, wewe uchukue chake, waajiri wa pande zote mbili wakiridhia. Kwa hiyo Amosi anatafuta. Ameuliza majumbani, ameuliza stendi, na mara moja aliuliza msibani. "Baada ya mazishi," anafafanua. "Si kabla."

Mwaka juzi alimpata mmoja wa Itigi. Makaratasi yalishaandaliwa, kisha yule dada akachumbiwa na kijana wa reli wa hapo hapo Itigi. "Walinialika harusini nikaenda. Nilikula pilau lile kwa uchungu, lakini nililimaliza."

Flora huja mara moja kwa mwaka, mara mbili ikiwa nauli imepatikana. Siku nyingine ni simu, na huko aliko mtandao hupatikana kwenye kilima nyuma ya zahanati. Amosi anasema anajua kwa mlio wa kandambili zake amefika wapi. Kwanza changarawe, halafu majani, halafu kimya. Kimya ndicho kilele.

"Akifika kileleni wote tunasahau tulichotaka kusema. Ananiuliza nimekula nini. Namwambia. Basi, dakika zinaisha."

Sebuleni, kompyuta bado inazunguka. Amosi anabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia mpaka inazima ghafla. Anaiwasha, vitone vinatokea, anaizima tena. Mara ya tatu hivyo hivyo.

Mama Severina anainuka kitini. "Mimi nimechomoa mara moja mmenisema wiki nzima. Huyu anazima mara tatu na tunamlipa!"

"Ikizimwa vibaya mara tatu, mama, yenyewe inajiuliza kuna nini," Amosi anamweleza. "Hapo ndipo inakubali kutibiwa."

Na kweli, mara ya nne inawaka na skrini ya bluu yenye orodha ya njia za kujitengeneza. Amosi anawaonyesha saa iliyo ndani: inasema ni mwaka 2016. Kwa kuchomolewa kila wingu linaponguruma, kile kibetri kidogo kinachoshikilia saa kimechoka na kufa. Kompyuta isiyojua leo ni lini, anasema, haiwezi kupokea kitu cha leo. Atabadilisha kibetri, ataondoa sasisho lililokwama, ataweka jipya kutoka kwenye flashi.

Ila kabla ya kugusa chochote lazima anakili kazi zote za mwenye nyumba. Na hapo ana utaratibu wake: husoma kila faili kwa sauti, na mwenye mali anasema ibaki au iende. Zamani alikuwa anaamua mwenyewe, mpaka siku alipofuta harusi ya watu.

"Kwaya, Pasaka," anasoma.

"Ibaki."

"Mavuno ya alizeti."

"Ibaki."

"Picha za ubatizo. Picha za ubatizo tena. Mapishi ya keki."

"Hiyo keki iende, iliungua," anasema mama.

"Barua ya kubadilishana, Kasulu."

Hakuna anayejibu ibaki. Hakuna anayejibu iende.

Amosi anasema alilisoma jina hilo kama mtu anayesoma kibao cha barabarani, mdomo ukatangulia, akili ikafuata. Alipogeuka, Mama Severina alikuwa anamtazama bintiye, na Hana anatazama beseni la mboga.

"Ya nani hiyo?" mama anauliza.

"Yangu."

"Uliiandika lini?"

"Mwaka juzi, mama. Sijaipeleka popote."

Mume wa Hana, Nathan, ni mwalimu na yuko Kasulu mwaka wa sita sasa. Hana alibaki Kinampanda kwa sababu baba yake alikuwa mgonjwa, kisha kwa sababu baba alifariki, kisha kwa sababu mama amebaki peke yake. Ni mtoto pekee.

"Kuandika niliandika," Hana anasema polepole. "Mtu wa kubadilishana naye ndiye sikumtafuta. Niliogopa nitampata."

Mtu ambaye kwa miaka minne ameuliza swali moja hadi msibani sasa analo jibu mbele yake, na swali haliwezi kumtoka. Amosi anageukia kompyuta. Anaendelea kunakili. Anasoma faili inayofuata kwa sauti ya chini, "Ratiba ya chanjo," na hakuna anayemsikiliza.

"Niliona nikisema neno, ni kama namnyang'anya yule mama mwanae," anasema baadaye. "Mimi nimekuja na bisibisi tu."

Ni Mama Severina anayetangulia kusema.

"Fundi, mbona leo huulizi?"

"Kuuliza nini, mama?"

"Usinifanye mtoto. Ritha, yule muuza vitunguu wa Kiomboi aliyenipa namba yako, aliniambia wewe ni fundi mzuri ila utaniuliza habari za Kigoma hata kabla ya kunywa chai. Chai umemaliza. Uliza."

Amosi anaweka bisibisi chini. "Mke wangu yuko Kasulu, mama. Anaitwa Flora. Muuguzi, daraja kama la dada hapa."

"Anakunywa pombe?"

"Hapana, mama."

"Ana maneno mengi?"

"Kidogo."

"Heri. Asiye na maneno nitakaa naye nafanyaje?" Anavuta khanga yake mabegani. "Mpigie. Sijasema ndiyo. Nimesema mpigie."

Kwa bahati simu inamkuta Flora kilimani, kwenye mapumziko ya kazi, anapokea. Hana anaichukua simu, anatoka nayo uani. Kupitia dirishani anaonekana akitembea kuzunguka mti wa mpapai, mkono kifuani, akiinamisha kichwa kama anayesikiliza mapigo ya moyo ya mtu.

Ndani wamebaki wawili na kompyuta inayoandika asilimia thelathini na moja.

"Kasulu ni mbali?" mama anauliza.

"Ni mbali, mama. Ukitoka hapa alfajiri, unafika umechoka na jua limeshakwenda."

"Mimi niliolewa kijiji cha tatu kutoka kwetu na mama yangu alilia mwezi mzima." Anaitazama asilimia. "Wewe ulilia?"

"Mwanamume halii, mama."

"Nimekuuliza ulilia?"

"Nililia."

Asilimia thelathini na mbili.

Siku hiyo kompyuta ilipona. Saa sita mchana ilijua mwaka, ikajua tarehe, ikapokea sasisho mpaka mwisho bila kelele. Lakini barua haikuondoka. Hana alisema ataipeleka siku mama yake atakapoweza kupokea na kupiga simu ya video kwenye kompyuta hiyo peke yake, bila mtu wa kumshikia mkono. Hawezi, alisema, kuondoka halafu awe anaisikia sauti tu.

Basi Amosi akawa mwalimu wa mwalimu. Kila Jumamosi alipanda gari la Kiomboi asubuhi, akashuka Kinampanda, akaketi na Mama Severina mbele ya skrini. Hakutoza hata senti, hata kwa kamera ndogo aliyoifunga juu ya skrini hiyo. Jumamosi ya kwanza mama hakujua kushika kipanya. Ya pili alikijua, akasahau kitufe cha kijani. Ya tatu akasahau tena. Ya nne akasema macho yanauma.

Usiku wa kila Jumamosi Flora alipanda kilima chake. "Ameshajua?"

"Bado," Amosi alijibu. "Jumamosi ijayo."

Jumamosi ya tano alifika mapema kuliko kawaida. Alipokuwa anavua viatu mlangoni akasikia ndani Mama Severina anaongea na mtu, anacheka, anamwambia asogeze uso maana anaona pua tu. Alikuwa amempigia rafiki yake wa zamani aliyeko Arusha. Alimpigia mwenyewe, akamuaga mwenyewe, akakata mwenyewe.

Amosi alisubiri kidogo, kisha akabisha hodi.

"Karibu, fundi. Leo tena nimesahau kila kitu."

"Shikamoo, mama. Hakuna shida, tuanze upya," alisema, akavuta kiti. Akamwonyesha kipanya. Akamwonyesha kitufe cha kijani, taratibu, kama vile ni mara ya kwanza.

Mama Severina hakutazama kitufe. Alimtazama yeye.

"Umenisikia."

"Nimesikia, mama."

"Na hukusema?"

"Ni mwanao, mama. Kumwachia aende si jambo la kuhesabiwa kwa vitufe."

Akakishika kipanya mwenyewe. Hana, aliyekuwa zamu zahanati siku hiyo, anasema simu yake iliita akiwa anafunga kidonda cha mgonjwa, na alipoitazama akaona uso wa mama yake umejaa kwenye kioo, karibu mno, umelowa, na nyuma yake fundi amegeukia ukuta.

"Nimepiga mwenyewe," mama alisema. "Jumatatu peleka hizo barua. Usisubiri Jumanne, nitakuwa nimeshabadilika."

Barua zilikwenda Jumatatu, ya Hana Iramba na ya Flora Kasulu, na majibu bado. Huenda yakachukua miezi. Utaratibu ni kwamba kila mmoja huchukua kituo cha mwenzake, kwa hiyo Flora hatarudi Utemini, atakuja zahanati ya Hana. Amosi ndiye atakayehama. Ameshapata vyumba viwili Kinampanda, nyumba ya tatu kutoka kwa Mama Severina, elfu thelathini kwa mwezi, kimoja cha kulala na kimoja cha karakana.

Flora, kutoka kilimani kwake, hajauliza habari za waajiri wala mihuri. Ameuliza kama mlango ni mpana, maana ana kabati lake la mninga alilochongewa Kasulu na hataki kuliacha.

Amosi alipanda gari, akaenda Kinampanda na futi kamba, siku ambayo haikuwa Jumamosi.

"Nimepima mara mbili," anasema. "Linapita."