Nani Anampakulia Mpakuaji

Kabla ya msiba, nyumba yetu ya Kisumu ilikuwa na utaratibu wa kula ambao hakuna aliyewahi kuutangaza wala kuuhoji. Mke wangu alipika akisaidiwa na binti yetu wa kwanza. Wageni walipakuliwa mwanzo, kisha mimi na wavulana. Wapikaji walijipakulia wenyewe, wakala jikoni juu ya vigoda, wakizungumza. Vicheko vyao nilivisikia kupitia ukuta nikisahihisha madaftari ya wanafunzi wangu. Ndivyo tulivyolelewa sote upande wa Seme, ambako mwanamume aliyeingia jikoni alitungiwa maneno kabla hajatoka. Nayatanguliza haya kwa sababu yaliyofuata hayaeleweki bila hayo: katika nyumba ya namna hiyo anayepakua haonekani akila, na hakuna anayeshangaa kutomwona.

Mke wangu aliugua muda mfupi, akafariki. Tulimzika nyumbani Seme, njia ya Kombewa, na kwa desturi ya kwetu waombolezaji walilishwa. Binti yangu, wakati huo akiwa kidato cha tatu, alishika upawa tangu asubuhi hadi jioni. Wanawake walimsifu: huyu ni mama yake mtupu, huyu hachoki. Tuliporudi mjini aliendelea kulishika jiko, nasi tukaendelea kumsifu.

Alipoanza kukonda, tulisema ni majonzi. Alipovaa sweta katika joto la mchana la Kisumu, dada yangu, aliyekuja kukaa nasi na ambaye watoto humwita Waya, yaani shangazi kwa Kiluo, alidhani ni malaria. Kila tulipomuuliza kama amekula, binti alijibu, "Nimekula jikoni." Lilikuwa jibu la kawaida kabisa katika nyumba yetu. Kisha akazirai shuleni, kwenye gwaride la asubuhi.

Daktari alimpima, akatueleza kwamba moyo wake ulikuwa unapiga polepole kuliko inavyofaa, na kwamba kutokula kwake kulikuwa ugonjwa, si ukaidi. Namshukuru hadi leo kwa neno hilo moja, maana lilitunyang'anya hasira kabla hatujaitumia. Alitupeleka kwa mshauri nasaha, mama mtulivu aliyeyasikiliza maelezo yangu marefu mpaka mwisho.

"Mwalimu," alisema, "nyumbani nani anampakulia yeye?"

"Yeye ndiye anayepakua."

"Hilo nimelisikia. Nauliza anayempakulia yeye."

Dada yangu, aliyeketi kando yangu, aliinamia mkoba wake.

Mshauri alitaka binti apumzishwe jikoni, na apumzishwe kwa namna ambayo hataiona kuwa adhabu. Mtu mzima apike, ampakulie, aketi naye hadi mlo uishe. Asikemewe, wala asisifiwe kwa kumaliza sahani. Mwili wake usizungumzwe, hata na wageni. Vipimo vya daktari viendelee, na binti aje kuzungumza na mshauri faraghani. "Kuna siku mtadhani mmerudi mlikotoka," alituonya. "Msimwache mezani peke yake."

Dada yangu huuza samaki sokoni Otonglo na hurejea jua likizama, hivyo chakula cha jioni kikawa changu. Siku ya kwanza alinikuta nimeushika mwiko.

"Ndugu yangu! Wazee wa Seme wakikuona?"

"Waambie waje na mboga."

"Mboga wataleta. Lakini hiyo ni ugali ama ni uji umekasirika?"

Binti alikuwa mezani, mikono ameificha chini. Niliona midomo yake ikitikisika kidogo. Nilimpakulia yeye kwanza, kabla ya wadogo zake na kabla yangu. Alikula kidogo sana. Sikumkemea wala kumsihi, na kujizuia huko kulikuwa kazi ngumu kuliko kupika.

Tuliendelea hivyo majuma mengi, siku nyingine afadhali, siku nyingine machozi tupu. Jioni moja, samaki wa mchuzi akiwa mbele yetu, aliongea bila kuulizwa.

"Baba, siku ile watu walikuwa wanakula."

Nilimsogezea bilauri ya maji.

"Mama amelala pale kwa jeneza, na wao wananiambia niongeze supu. Mwingine akasema ni tamu. Nikaongeza. Tangu hiyo siku kila chakula iko na harufu ya zile sufuria."

Dada yangu alirudisha tonge kwenye sahani. "Nyathina," alisema, akimwita mwanangu kwa lugha yetu, "ni mimi nilisema ni tamu. Niliogopa nikinyamaza nitapiga nduru, na ningeanza singeacha."

"Najua, Waya. Nilikuona."

Walilia wote wawili, na wavulana wakaacha kula. Mchuzi ulipoa. Nilikumbuka agizo la mshauri kwamba mlo usiachwe njiani, nikaupasha moto, nikapakua upya. Binti akala, si kingi, huku mkono wa shangazi yake ukiwa mgongoni mwake.

Hakupona jioni ile. Ulipokaribia ukumbusho wa mama yake alirudi nyuma, na ilitulazimu kumrejesha kwa daktari. Lakini dada yangu alikuwa ameshaelewa jambo. Siku ya ukumbusho, nyumbani, alimketisha binti miongoni mwa wageni na kuwatangazia wanawake wa boma, "Huyu leo ni mgeni. Asiinuliwe kupakua." Mmoja wao alimkazia binti macho, akaanza, "Lakini huyu mtoto amekon—"

"Mama, angalia supu yako isimwagike," dada yangu akamkatiza.

Kisha akaenda mwenyewe kwenye zile sufuria, akapakua, akaileta sahani kwa mikono miwili kama anavyopelekewa mkwe. Binti aliipokea. Dada yangu aliketi naye mpaka wakamaliza, na wageni wengine walingoja.

Namshukuru daktari, namshukuru mama yule wa swali moja, na kumshukuru dada yangu sijamaliza. Binti yangu amehitimu kidato cha nne. Bado huonana na mshauri. Jioni tunakula sote mezani, na ugali napika mimi.